Mapipa yaliyohama Burton

Kampuni kubwa iliona mtambo wa mapipa ya mwaloni ni mzigo. Kiwanda kidogo cha Derbyshire kikaupokea. Ndani ya glasi ya pale ale kuna hoja nzito kuhusu ladha, gharama na urithi wa kazi za mikono.

BAKEWELL, Uingereza – Povu la hamira hupanda ndani ya bomba, hupinda juu ya pipa na kumwagika horini. Bia iliyopanda nalo huteremka polepole kwenye mwinamo wa hori na kurudi mapipani. Hamira hubaki nyuma. Kazi hii huendelea usiku na mchana, nayo ilikuwa fahari ya mji wa Burton upon Trent tangu karne ya 19.

Sasa haifanyiki tena Burton. Inafanyika Bakewell, mji mdogo wa soko huko Derbyshire, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, ndani ya kiwanda cha bia cha Thornbridge.

Mtambo huo nusura ukose wa kuutumia. Mwanzoni mwa 2024, kampuni ya Carlsberg Marston's ilitangaza kwamba inaachana na mapipa yake ya Burton na kuhamishia upikaji wote kwenye matangi ya chuma. Miezi michache baadaye, seti moja ya mapipa hayo ilikuwa imefungwa upya Bakewell na kuanza kazi.

Mhariri alinituma na swali moja: je, kuna tofauti yoyote ya maana kwa mtu anayekaa baa na kuagiza glasi yake, au ni watu wachache tu wanaolilia mbao na mabomba ya zamani?

Kwanza, glasi

Swali la bia haliwezi kujibiwa bila kuonja. Bia iliyojenga jina la Thornbridge ni Jaipur, ya tawi la pale ale liitwalo India Pale Ale. Ilianza kupikwa 2005, mwaka ule ule kiwanda kilipoanzishwa katika viwanja vya jumba la Thornbridge Hall.

Katika baa za Derbyshire, Jaipur ya pipa hutolewa kwa pampu ya mkono. Mhudumu anavuta mpini taratibu, anausubiri, anavuta tena. Bia inapanda kutoka chumba cha chini ya sakafu, ambako pipa linatunzwa kwenye nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi. Aliyezoea kuagiza "baridi" na kupewa chupa inayotoka jasho atashangaa kidogo: hii imepoa tu, haigandishi ulimi.

Rangi yake ni dhahabu hafifu, angavu kiasi cha kuona vidole upande wa pili wa glasi. Gesi ni kidogo, ile iliyozaliwa na hamira hai ndani ya pipa lenyewe. Povu ni jeupe na jembamba, nalo huacha mistari kwenye kioo kila unapomeza.

Ukiisogeza puani, kinachotangulia ni ganda la balungi, halafu chungwa, na nyuma yake utomvu wa msonobari. Funda la kwanza lina utamu mfupi wa asali unaotokana na kimea. Utamu huo haujakaa vizuri uchungu unaingia kutoka pembeni mwa ulimi, unapita kooni na kubaki. Ndio uchungu unaokufanya umeze mate na kutaka funda la pili.

Uchungu huo ni wa hopsi, maua ya mmea unaotambaa, ambayo huchemshwa pamoja na maji ya kimea. Msomaji wa Kilimanjaro ataelewa upesi: hopsi zinafanya kwenye bia kazi ambayo gome la msesewe linafanya kwenye mbege, ile pombe ya ndizi, yaani kuuzuia utamu usitawale. Zaidi ya hapo, hopsi huchelewesha bia kuharibika, na jambo hilo ndilo lililobeba historia yote ya pale ale.

Jambo moja lisisahaulike. Jaipur ina kilevi cha asilimia 5.9. Painti moja, yaani mililita 568, ina zaidi ya vipimo vitatu vya kilevi, na ushauri wa madaktari wakuu wa Uingereza ni kutozidisha vipimo 14 kwa wiki. Painti nne zinakaribia kuumaliza mgawo huo. Ni bia ya kukaa nayo.

> Uchungu wa hopsi unafanya kwenye bia kazi ambayo gome la msesewe linafanya kwenye mbege.

Makaa, maji na jasi

Pale ale ilianzia kwenye moto. Zamani kimea cha shayiri kilikaushwa kwa kuni, na moshi ukaingia kwenye nafaka. Bia ilitoka nyeusi na yenye ladha ya moshi. Makaa ya mawe hayakufaa, maana yalitoa harufu mbaya iliyoganda kwenye nafaka.

Katika karne ya 17, wakaushaji kimea wa Derbyshire walikuwa miongoni mwa wa kwanza kutumia makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza ili kuondoa moshi na salfa. Moto ukawa safi, kimea kikabaki na rangi hafifu, na bia iliyopikwa kwacho ikang'aa. Kwa hiyo Bakewell, mji wa Derbyshire, si mgeni katika habari hii.

Kilichobaki kilikuwa maji, na hapo Burton ilikuwa na bahati yake. Visima vya mji huo huchota maji yaliyopita kwenye matabaka ya jasi. Salfeti iliyomo huufanya uchungu wa hopsi usimame wazi na kukauka mdomoni. Kalsiamu husaidia bia kutakata. Hata leo wanywaji wazoefu husema bia halisi ya Burton, ikimiminwa, hutoa harufu kidogo ya kiberiti kabla ya kutulia.

Mnamo 1878 mwanakemia C. W. Vincent alionyesha kwamba maji ya mji mwingine yanaweza kufanywa yafanane na ya Burton kwa kutiwa jasi. Tangu hapo, mpika bia wa mahali popote anaweza kutengeneza maji ya Burton ndani ya tangi lake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mji huo kuona siri yake ikitoka nje, na haikuwa ya mwisho.

Njia ya bahari

Jina la India liliingia kwa njia ya biashara. Mwishoni mwa karne ya 18, kiwanda cha familia ya Hodgson huko Bow, mashariki mwa London, kilikuwa jirani na gati za meli za Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Manahodha walichukua bia yake na kwenda kuwauzia Waingereza walioishi India.

Safari ilichukua miezi minne hadi sita. Meli zilishuka Atlantiki, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuingia Bahari ya Hindi, zikivuka ikweta mara mbili. Katika karne hiyo, meli nyingi za kampuni hiyo zilipita mlango wa bahari wa Msumbiji na kutia nanga Nzwani, katika Visiwa vya Komoro, kuchukua maji na vyakula. Pwani yetu, basi, ilikuwa kituo kwenye barabara hiyo ya maji.

Bia yenye hopsi nyingi na sukari kidogo iliyobaki iliistahimili safari hiyo. Ilifika India ikiwa hai na imekomaa.

Mwaka 1822 Burton ilikuwa kwenye dhiki. Soko lake la Urusi lilikuwa limezibwa na ushuru. Ndipo mkurugenzi wa Kampuni ya India Mashariki, Campbell Marjoribanks, alipomshawishi Samuel Allsopp wa Burton apike bia kama ya Hodgson. Simulizi maarufu ya mji huo inasema sampuli ya kwanza ilipikwa ndani ya birika la chai na mtengeneza kimea wake, Job Goodhead. Yenye uhakika zaidi ni matokeo: kwa maji ya Burton, bia hiyo ikawa kali na safi kuliko ile ya London. Bass, kiwanda kilichoanzishwa 1777, kikaingia njia hiyo hiyo.

Kisha soko la nyumbani likafunguka. Reli ilifika Burton 1839. Ushuru wa vioo ulifutwa 1845, glasi zikashuka bei, na mnywaji aliyekuwa akinywa kwenye kikombe cha bati sasa akawa anaona anachokunywa. Akaanza kudai bia angavu.

Bass ilikua hadi kuwa miongoni mwa viwanda vikubwa vya bia duniani. Pembetatu yake nyekundu ikawa alama ya biashara nambari moja kusajiliwa Uingereza, 1876. Mchoraji Édouard Manet aliziweka chupa zenye pembetatu hiyo kwenye kaunta ya mchoro wake wa baa ya Folies-Bergère, Paris, wa 1882.

Mapipa yanavyofanya kazi

Bia angavu ilikuwa dai gumu kutimiza, kwa sababu hamira ya Burton ina nguvu na hupanda juu kwa fujo. Usipoiondoa, bia inakuwa na utusitusi. Ukiiondoa yote mapema, bia inaishia njiani bila kuchacha sawasawa.

Jibu lilipewa hataza 1838 kwa jina la Peter Walker. Bia huanza kuchacha kwenye chombo cha wazi kwa siku moja au mbili, kisha huhamishiwa kwenye mapipa makubwa ya mwaloni yaliyolazwa kwa safu na kuunganishwa. Kila pipa lina bomba lililopinda, linalopanda kutoka juu ya pipa hadi kwenye hori refu lililo juu ya safu nzima.

Hamira inapochemka, husukuma povu na bia kupitia bomba hadi horini. Kwa kuwa hori limeinama kidogo, bia hutiririka na kurudi mapipani, huku hamira ikituama. Mwisho wa siku kadhaa, mapipani kuna bia safi iliyochacha vizuri, na horini kuna hamira changa, yenye afya, ya kuanzishia mapishi yanayofuata.

Mwaloni hapa hautii ladha ya mbao. Mapipa haya si ya kuzeeshea mvinyo. Kazi yao ni kuipa hamira nafasi ya kupanda, kutoka na kuzaliana kwa mwendo wake. Kwa hiyo anayeutazama mtambo huu kama fanicha ya kale anakosea: ni mashine, na iliundwa kutatua tatizo halisi.

> Anayeutazama mtambo huu kama fanicha ya kale anakosea: ni mashine, na iliundwa kutatua tatizo halisi.

Hoja ya kampuni

Karne ya 20 haikuupenda mfumo huo. Laga ilienea, na baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vingi vya Uingereza vikaanza kuuza bia iliyochujwa, iliyouawa hamira kwa joto na kusukumwa kwa gesi kutoka kwenye mapipa ya chuma. Haikuhitaji mtunza pipa, wala haikuharibika upesi.

Wanywaji wanne waliochoshwa na bia hiyo, Michael Hardman, Graham Lees, Jim Makin na Bill Mellor, walianzisha mwaka 1971 harakati inayojulikana kwa kifupi kama CAMRA, kutetea bia hai ya pipa. Harakati hiyo ilizuia bia hai isifutike. Hata hivyo, Bass yenyewe iliachana na mapipa yaliyounganishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Burton ikabaki na Marston's peke yake, iliyoyatumia kupikia Pedigree, bia iliyoingia sokoni 1952.

Mwaka 2020, shughuli za bia za Marston's ziliunganishwa na zile za Carlsberg nchini Uingereza. Miaka minne baadaye ukaja uamuzi wa kuyazima mapipa. Katika 2024 hiyo hiyo, Carlsberg ilikubali kununua asilimia 40 iliyobaki mikononi mwa Marston's kwa pauni milioni 206.

Sababu iliyotolewa na kampuni kuhusu mapipa ilikuwa soko. Unywaji wa bia hai ya pipa umepungua nchini humo, na kiasi kinachopikwa hakikutosha tena kuuendesha mfumo huo.

Hoja hii ni ya haki na haistahili kubezwa. Mapipa ya mwaloni yanataka fundi wa mapipa, na mafundi hao Uingereza sasa ni wachache mno. Yanakula nafasi kubwa ya sakafu. Kuyaosha ni kazi ya mikono na saa nyingi. Zaidi ya yote, hayapendi kukaa bila kazi: mbao zikikauka zinaachia, na hamira isiyopikiwa mara kwa mara inachoka.

Tangi la chuma lenye kitako chembamba halina shida hizo. Hamira hushuka chini yenyewe na kutolewa kwa kufungua vali. Tangi huoshwa kwa kubonyeza kitufe. Kwa mhasibu mwenye hesabu mbili mezani, uamuzi hauchukui asubuhi nzima.

Tena wapo wapika bia, wasio na uhusiano wowote na kampuni hiyo, wanaoamini kwamba ladha inategemea zaidi aina ya hamira, joto na maji kuliko umbo la chombo. Kwao, mpishi makini anaweza kuipata bia ile ile ndani ya chuma.

Hoja ya watetezi

Upande wa pili ulisikika haraka. CAMRA na wapenzi wa bia waliona kwamba Burton inapoteza mtambo uliohusika kuujenga mji wenyewe.

Aliyebadili mkondo alikuwa Mmarekani. Garrett Oliver, mpika bia mkuu wa Brooklyn Brewery ya New York na mhariri wa ensaiklopidia ya bia ya Oxford iliyotoka 2011, amekuwa rafiki wa Thornbridge kwa miaka mingi. Brooklyn ina ushirikiano wa muda mrefu na Carlsberg. Aliposikia habari, alitumia uhusiano huo kuomba seti moja isitupwe, bali ikabidhiwe kiwanda cha Bakewell. Kampuni ikakubali.

Hapa Carlsberg Marston's inastahili sifa yake. Ingeweza kuuza mabomba kwa uzito na mbao kwa wapamba bustani. Ilikubali mtambo uende kwa kiwanda kingine cha nchi hiyo hiyo, wenye kuujua wakasaidia kuufunga, na bia ikaanza kupita mapipani.

Wanaotetea mfumo huu husema bia yake huwa laini na iliyojaa zaidi mdomoni, na kwamba hamira yake hubaki na nguvu kizazi baada ya kizazi. Hoja ya ladha itaendelea kubishaniwa, na ni vizuri ibishaniwe, kwa sababu sasa kuna bia ya kuionja. Ubishi huo ungekufa siku mapipa yangevunjwa. Kila upande ungebaki na kumbukumbu tu, na kumbukumbu haziwekwi kwenye glasi mbili sambamba zikalinganishwa.

Hilo ndilo jibu langu la kwanza kwa mhariri. Kuna tofauti ya maana, nayo inaanzia kwenye haki ya kulinganisha. Chombo kikiondoka, mnywaji hupoteza uwezo wa kujua alichopoteza.

> Chombo kikiondoka, mnywaji hupoteza uwezo wa kujua alichopoteza.

Kwa nini ni kiwanda kidogo

Jambo linalostahili kutazamwa kwa karibu ni nani aliyepokea mtambo. Hakuwa mshindani mkubwa wa Carlsberg. Alikuwa kiwanda cha mkoani kilichozaliwa 2005 na kuhamia jengo kubwa zaidi Bakewell 2009.

Mkubwa na mdogo hawakuwa wakipiga hesabu moja. Kwa kampuni inayouza mamilioni ya chupa za laga, bia ya mapipani ni tone, na kila saa ya kuosha pipa ni hasara. Kwa kiwanda kidogo kinachouza kwa jina la ufundi wake, saa hiyo hiyo ni sehemu ya bidhaa. Mnywaji anayelipa zaidi kidogo kwa painti ya bia iliyopita mapipani analipia pia ile kazi.

Jaipur yenyewe ni ushahidi wa namna viwanda vidogo vinavyobeba mawazo. Kimea chake ni cha Kiingereza, lakini hopsi zake ni za Marekani, na lile balungi puani linatoka huko. Hopsi aina ya Cascade, iliyozalishwa Oregon na kutolewa rasmi kwa wakulima 1972, ndiyo iliyofungua njia. Katika ukoo wake kuna Fuggle, hopsi ya Uingereza. Ken Grossman na mwenzake Paul Camusi waliitumia huko Chico, California, walipoanza kupika Sierra Nevada Pale Ale mwaka 1980, wakati kiwanda chao kikiwa kidogo cha kujengwa kwa vifaa vilivyookotwa.

Kwa hiyo mtindo wa Burton ulikwenda Marekani, ukafufuliwa na wadogo, ukarudi Uingereza kwa mikono ya wadogo wengine. California kuna hata kiwanda cha Firestone Walker, ambacho kwa miaka mingi kimechachisha baadhi ya bia zake kwenye mapipa yaliyounganishwa kwa mfano wa Burton.

Ushuru unapoamua ladha

Wadogo hawakuibuka kwa mapenzi peke yake. Mwaka 2002, serikali ya Uingereza ilianzisha nafuu ya ushuru iliyomwezesha mpika bia asiyezidi hektolita 5,000 kwa mwaka kulipa nusu ya kiwango cha kawaida. Wengi walioanza miaka iliyofuata walipata pumzi kutokana na sheria hiyo. Agosti 2023 mfumo huo ulibadilishwa na mwingine unaopima nguvu ya kilevi, huku nafuu ya wadogo ikibaki kwa sura mpya.

Jambo hili si geni Afrika Mashariki. Bia ya viwandani ya Kenya ilianzishwa na Waingereza: ndugu George na Charles Hurst walikuwa miongoni mwa walioanzisha Kenya Breweries huko Ruaraka, Nairobi, 1922. George aliuawa na tembo mwaka uliofuata, na Tusker ikabeba kumbukumbu hiyo. Ila kilichoshika mizizi kwetu ni laga baridi, na kwa miongo mingi mnywaji amechagua kati ya majina mengi yenye ladha zinazokaribiana.

Sasa viwanda vidogo vimeanza kutokea katika miji yetu, na pale ale ni moja ya bia vinazopenda kupika. Kenya imechukua hatua. Sheria ya marekebisho ya kodi iliyoanza kutumika mwishoni mwa Desemba 2024 iliweka ushuru wa bia kuwa shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya kilevi halisi, na shilingi 10 kwa wapika bia wadogo wanaojitegemea wenye leseni. Kwa chupa ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5, hiyo ni tofauti ya shilingi 56.25 dhidi ya 25.

Wakubwa wanaweza kulalamika kwamba shindano halina usawa, nao wana hoja, maana ndio wanaoajiri wengi na kununua shayiri na mtama mwingi wa wakulima. Lakini mkubwa hununua chupa, vifuniko na mafuta ya lori kwa bei ya jumla ambayo mdogo hataipata maisha yake yote. Ushuru sawa kwa watu wasiolingana humaanisha mshindi ameshajulikana, na ladha ya sokoni itakuwa moja.

> Ushuru sawa kwa watu wasiolingana humaanisha mshindi ameshajulikana, na ladha ya sokoni itakuwa moja.

Kilicho hatarini

Ni rahisi kufunga habari hii kwa furaha: mtambo umepona, bia inatoka, wanywaji wameridhika. Ukweli una mashaka zaidi. Mfumo uliowahi kutumika mji mzima wa Burton sasa unategemea, kwa upande wa Uingereza, afya ya kiwanda kimoja cha Bakewell, katika nchi ambako gharama za nishati, kodi za majengo na uhaba wa wateja wa baa vimeshafunga viwanda vidogo vingi katika miaka ya karibuni. Mwaka mbaya mmoja unaweza kurudisha swali lile lile mezani.

Yapo mambo matatu yanayoweza kufanyika, na hakuna hata moja lililo la anasa.

Kampuni kubwa inayoamua kuzima mtambo wa aina yake iseme mapema, kabla mafundi hawajatawanyika, ili mwenye uwezo wa kuupokea apate muda. Serikali zipime ushuru kwa ukubwa wa anayeulipa. Na ujuzi uandikwe: fundi wa mapipa awe na mwanafunzi, mtunza hamira awe na daftari linalosomeka na mwingine.

Hilo la tatu linatuhusu sana. Kina mama wa Rombo na Marangu wanaojua kiasi cha msesewe kinachofaa kwa mbege, na siku ya kuutia, wengi ni watu wazima. Ujuzi wao umo vichwani na mikononi. Hauna CAMRA ya kuupigia kelele, wala mpika bia wa Brooklyn wa kuutafutia makao. Chuo chetu chochote cha sayansi ya chakula kinaweza kuanza kuurekodi mwezi ujao, kwa gharama ndogo, wakati wenyewe wapo na wanaweza kusahihisha.

Mtambo wa Burton uliokoka kwa sababu mtu aliyejali alimjua mtu mwenye mamlaka. Tushukuru, lakini tusifanye huo kuwa utaratibu. Urithi wa kazi unataka sheria, soko na shule. Hauwezi kuachwa upone kwa kujuana.